Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Amekonda, na Vipimo Vyote Ni Safi

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali mengine ili nijibu barua tatu za wasomaji wa Dar es Salaam ambao hawafahamiani, lakini wote wanauliza jambo moja. Majina nimeyaondoa. Kilo zilizotajwa katika barua hizo nazo nimezifuta kwa makusudi, kwa sababu mtu mwenye anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula, akisoma uzito wa mwenzake huuchukua kuwa shabaha ya kuifikia.

Barua ya kwanza, kutoka Tabata

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Binti yangu wa pili ana miaka 22 na anasoma chuo hapa hapa mjini. Mwaka jana, kabla ya harusi ya dada yake, alianza dayati ili gauni la sare limkae vizuri, na sote tulimsifu kwamba amependeza. Harusi ikapita, dayati haikuisha. Aliacha ugali, akaacha wali, akaacha kila kitu chenye nazi au mafuta, na sasa anaishi kwa matango na chai ya rangi. Anatupikia chakula kitamu nyumba nzima, lakini yeye hakigusi. Anavaa sweta mchana wa Januari. Hedhi imekatika kwa miezi saba. Majirani walipoanza kunong'ona tulimpima UKIMWI, hana. Kifua kikuu hana. Sukari iko sawa. Shangazi yake akatupeleka kwa mganga, tukaambiwa kuna mkono wa mtu. Hatimaye daktari mmoja kijana alituambia kwamba ni anoreksia nevosa na kwamba anahitaji mwanasaikolojia. Baba yake anauliza: mtu anayekataa chakula atatibiwaje kwa maongezi? Nami nauliza: haya si maradhi ya Wazungu?

Jibu

Dada yangu, pole kwa mwaka mzima wa kuhangaika. Daktari huyo kijana amewatendea wema mkubwa, na ninyi mlifanya vyema kumpima kwanza, kwa kuwa mwili hukonda kwa sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya tezi ya shingo na ya utumbo, na mwanasaikolojia makini hataki kuanza kazi kabla hayo hayajaondolewa shakani. Vipimo vikiwa safi, na mtu akawa bado anajinyima, anaogopa unene hata pale mifupa ya mabega inapoonekana, na thamani yake yote ameiweka juu ya umbo lake, hapo jina la ugonjwa limepatikana. Sweta ya Januari, hedhi iliyokatika, na mapishi ya kuwalisha wengine ni dalili zake zinazojulikana. Pengine umeona pia kwamba malaika, vile vinyweleo laini, vimeongezeka mikononi na usoni mwake. Mwili uliokosa mafuta hujaribu kujihifadhia joto kwa njia hiyo.

Kuhusu maradhi ya Wazungu, ni kweli kwamba maelezo ya kwanza ya kitabibu yaliyotoa jina yalitoka Ulaya: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ugonjwa huu mwaka 1873, kila mmoja kwa upande wake. Lakini majarida ya kitabibu yamekwisha kuandika juu ya anoreksia nchini Kenya, na mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Tanzania kuhusu matatizo ya ulaji na jinsi yanavyohusiana na vyombo vya habari na mwingiliano na nchi za Magharibi. Kwetu pwani mwanamke mwenye mwili ndiye aliyesifiwa kwa vizazi vingi, na aliyekonda aliulizwa anaumwa nini. Ndiyo maana tumezoea kuitafuta sababu ya kukonda kwenye damu au kwenye uchawi, huku akili tukiisahau. Siku hizi binti yule yule anaambiwa na bibi yake anenepe kidogo, na simu iliyo mkononi mwake inamwambia apungue.

Shangazi simlaumu, kwa sababu alitafuta msaada pale alipojua unapatikana. Ninachoomba ni kwamba dawa yoyote ya kuendesha tumbo au ya kutapisha, iwe ya mganga au ya duka la dawa, asipewe tena. Mwili wake hauna akiba, na potasiamu inayopotea kwa kuharisha na kutapika ndiyo inayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio.

Sasa nije kwa swali la baba, ambalo ni swali zuri kuliko anavyodhani. Katika miaka ya 1944 na 1945, huko Minnesota nchini Marekani, mtafiti aitwaye Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili, kwa muda wa miezi sita hivi, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Hakuna kati yao aliyekuwa na hofu ya unene. Hata hivyo walianza kuwaza chakula usiku na mchana, wakasoma vitabu vya mapishi, wakala polepole kwa taratibu za ajabu, wakajitenga na marafiki na kuwa wepesi wa hasira na huzuni. Ukiisoma habari hiyo kisha ukamtazama binti yako, utaona kwamba mengi mnayoyaita ukaidi ni kazi ya njaa yenyewe juu ya ubongo. Kwa hiyo baba ana haki ya kusema kwamba maongezi matupu hayatoshi. Tiba ya kisaikolojia ya anoreksia ambayo haimrudishii mgonjwa chakula haistahili kuitwa tiba, na kumlisha mgonjwa bila kuigusa hofu inayomzuia kula ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mtaalamu hushika mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Mwaka 2017 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilitaja aina tatu za tiba za kufikiria kwanza kwa mtu mzima mwenye anoreksia. Moja ni tiba ya fikra na mwenendo iliyoandaliwa mahususi kwa matatizo ya ulaji, yenye vikao hadi 40 katika wiki 40, viwili kwa wiki mwanzoni. Nyingine ni tiba iliyoundwa katika Hospitali ya Maudsley, London, yenye vikao 20 kwa kawaida. Ya tatu, ambayo chimbuko lake ni New Zealand, humpatia mgonjwa mtaalamu mmoja anayemfuatilia kila wiki, anayemfundisha juu ya lishe na uzito, na kumsikiliza kwa yale anayotaka kuyasema mwenyewe. Nazitaja namba za vikao ili ujue mapema kwamba hii ni safari ya miezi mingi, pengine mwaka au zaidi, na kwamba anayekuahidi kumponya binti yako kwa vikao vitatu anakudanganya.

Pengine utauliza ipi ni bora. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ujerumani uliowafuatilia wanawake 242 wenye anoreksia waliotibiwa kwa njia tatu tofauti kwa miezi kumi. Katika makundi yote uzito uliongezeka, na mwishoni hapakuwa na njia iliyozishinda nyingine kwa uzito. Kwangu mimi hiyo ni habari ya kumpa moyo mzazi wa Dar es Salaam, kwa sababu maana yake ni kwamba huna haja ya kulitafuta jina fulani la tiba hadi ng'ambo. Mtafute mtaalamu aliyefunzwa, anayefuata utaratibu unaoeleweka, anayeshirikiana na daktari, na ambaye binti atakubali kurudi kwake wiki ijayo.

Ndani ya chumba mambo huenda hivi, nikichukua mfano wa tiba ya fikra na mwenendo. Kikao cha kwanza hakuna anayemgombeza. Mtaalamu humwuliza ugonjwa huu umempa nini na umemnyang'anya nini, na wawili hao huchora kwenye karatasi jinsi mambo yanavyozunguka: kuuchukia mwili kunaleta kujinyima, kujinyima kunaleta kuwaza chakula muda wote, kuwaza chakula kunamtia hofu kwamba siku akianza kula hataweza kuacha, na hofu hiyo inamrudisha kwenye kujinyima. Wengi hulia wanapouona mchoro huo, kwa kuwa ni mara ya kwanza wanaona kwamba si wabaya, ila wamenaswa.

Kisha huanza kazi ya chakula. Mgonjwa huandika kila anachokula, saa ngapi, alikuwa wapi na alijisikiaje, na hupimwa uzito mara moja kwa wiki mbele ya mtaalamu badala ya kupanda mizani mara sita kwa siku nyumbani. Hupangiwa milo mitatu na vitafunio kati yake, asikae zaidi ya saa nne bila kula, na hula kwa saa, kwani hisia ya njaa na ya shibe imekwisha kuvurugika na haiaminiki. Asubuhi anaweza kuanza na uji wa ulezi wenye karanga, kwa kiasi walichokubaliana, na kiasi hicho huongezwa hatua kwa hatua. Afisa lishe akiwepo, mpango huwa bora zaidi.

Baada ya hapo vyakula vinavyoogopwa huletwa kimoja kimoja. Tuseme binti anaamini kwamba akila chapati moja, kesho sketi haitafunga. Mtaalamu hambishii, humwomba aandike utabiri huo, aile chapati, kisha kesho wakautazame pamoja. Utabiri mmoja ukishindwa haubadilishi kitu, lakini ishirini ikishindwa mfululizo hofu hulegea. Huja pia zamu ya zile tabia za kujikagua: kuupima mkono kwa vidole, kusimama mbele ya kioo saa nzima, kulinganisha mapaja yake na ya abiria aliyekaa jirani kwenye daladala. Na kuna zoezi moja ninalolipenda sana. Mgonjwa huchora duara kubwa kama sinia na kuligawa kwa kadiri ya mambo anayojipimia thamani yake, yaani masomo, udugu, urafiki, imani, kazi ya mikono, umbo. Mara nyingi umbo limekula karibu sinia zima. Kazi ya miezi inayofuata ni kuvirudishia vipande vingine nafasi yake, na hapo ndipo tiba inapoacha kuwa habari ya chakula ikawa habari ya maisha.

Ninyi nyumbani mna sehemu yenu. Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 18, tiba inayotangulizwa ni ile ya familia, ambayo wazazi hushika usimamizi wa milo mwanzoni na kumrudishia mtoto uhuru wake kidogo kidogo. Binti yako ni mtu mzima, hivyo ridhaa yake inahitajika, lakini bado anakula chini ya paa lenu. Profesa Janet Treasure wa London huwafundisha ndugu wa wagonjwa kwa mifano ya wanyama: kifaru anayeshambulia kwa hoja na makelele, kangaruu anayembeba mgonjwa mfukoni ili asiguswe na lolote, na mbuni anayeficha kichwa asione. Anawashauri wawe kama pomboo, anayeogelea pembeni, mara akitangulia kuonyesha njia, mara akifuata nyuma kimya. Wasomaji waliokwenda Kizimkazi wakawaona pomboo wenyewe watauelewa mfano huo kuliko Mwingereza aliyeutunga.

Kaeni naye mezani, mzungumze mambo mengine, na msimwache peke yake mara tu baada ya kula. Mabishano kuhusu chakula yapelekeni nje ya muda wa mlo. Na msiseme lolote juu ya mwili wake, hata jema. Maneno yetu ya upendo, kama "umenawiri" na "afya imerudi", sikioni mwake yana maana moja tu, nayo ni kwamba amenenepa, na sentensi moja ya jirani yenye nia njema inaweza kubomoa kazi ya wiki tatu.

Zipo hali ambazo hazingojei kikao. Akizimia, akilalamika kifua au mapigo ya moyo yakawa ya polepole mno, miguu ikivimba, akishindwa kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, akipitisha siku kadhaa bila kula chochote, au akizungumzia kufa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ni miongoni mwa magonjwa ya akili yenye vifo vingi, na sehemu ya vifo hivyo ni ya kujiua. Wala msijaribu kumfidia kwa sahani kubwa za ghafla mtu aliyekaa muda mrefu bila chakula, kwa maana fosfeti na madini mengine ya damu huweza kushuka ghafla na moyo ukashindwa. Ulishaji wa namna hiyo hufanywa wodini, damu ikipimwa. Kwa kuwa mpo Tabata, anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana na muombe kliniki ya afya ya akili, au rufaa ya kwenda idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Chukueni majibu yote ya vipimo vya nyuma ili asianze kuchomwa sindano upya.

Barua ya pili, kutoka Sinza

Shikamoo mshauri. Nina miaka 27, nafanya kazi benki, na nadhani nina huo ugonjwa kwa miaka mitano sasa. Nilikwenda kwa mtaalamu mmoja, kikao cha kwanza akaniambia, "Wewe kula tu, mbona wenzako wanatamani chakula hawana?" Sikurudi. Ukweli ni kwamba sehemu yangu moja inataka kupona na nyingine inaogopa, kwa sababu kutokula ndicho kitu pekee ninachojiona nakiweza. Je, hakuna vidonge ninavyoweza kumeza badala ya kuongea?

Jibu

Marahaba mwanangu. Maneno uliyoambiwa hayakuwa tiba, na samahani kwa niaba ya taaluma yangu. Mtu mwenye anoreksia anajua kwamba wengine wana njaa. Ujuzi huo humwongezea aibu, na aibu humzidishia kujinyima.

Vidonge vya kuponya anoreksia havipo. Dawa ya sonona iitwayo fluoksetini ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokwisha kurudisha uzito, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonyesha kwamba iliwazuia kurudia ugonjwa. Dawa nyingine, olanzapini, imeonyesha kuongeza uzito kwa kiasi kidogo, nayo hutolewa na daktari wa magonjwa ya akili kwa uangalifu. Ukiwa na sonona kali au wasiwasi, daktari anaweza kukuandikia dawa ya hayo, lakini kazi kubwa itabaki pale chumbani.

Hizo nafsi mbili ulizozieleza si kikwazo cha kuanza tiba. Kwa wengi ndipo tiba inapoanzia. Katika ile tiba ya Maudsley niliyoitaja kwa mama wa Tabata, mgonjwa huombwa aandike barua mbili kwa ugonjwa wake: ya kwanza anauandikia kama rafiki, na ya pili anauandikia kama adui. Barua ya rafiki isifanyiwe haraka. Ndani yake mara nyingi mtu hukuta kwamba ugonjwa ulimlinda na kitu fulani, labda huzuni ambayo haikuruhusiwa kutamkwa nyumbani, labda hofu ya kushindwa kazini, labda maneno ya mwanamume fulani juu ya mwili wake alipokuwa na miaka kumi na mbili. Mtaalamu akishajua ugonjwa ulikuwa unakufanyia kazi gani, mnaweza kutafuta pamoja njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo. Akikunyang'anya fimbo kabla hujapata mguu wa kusimamia, utamkimbia, na utakuwa na haki. Unaweza kuziandika barua hizo leo usiku na kwenda nazo kikao cha kwanza. Zitamweleza mengi ambayo mdomo utakataa kuyasema.

Unapomtafuta mtaalamu wa pili, muulize wazi: amewahi kutibu matatizo ya ulaji? Atashirikiana na daktari wa kupima damu na moyo wako? Atakupima uzito, na kwa nini? Mtafanya nini uzito ukizidi kushuka? Anayejua kazi yake hataudhika. Kuhusu hofu yako kwamba utalazimishwa kunenepa bila kikomo, mpango wa uzito hujadiliwa nawe, na huongezwa taratibu. Sitakuficha kwamba kuongezeka kwenyewe hakukwepeki, kwani mifupa iliyokaa miaka mitano bila homoni za kutosha hudhoofika, na mwanamke wa miaka 27 anaweza kuvunjika nyonga kama bibi. Muombe daktari wako akuangalie na hilo.

Barua ya tatu, kutoka Mbagala

Asalaam aleikum. Mke wangu ameanza tiba ya anoreksia miezi minne iliyopita na tunaona nafuu. Ramadhani inakaribia, naye anasema lazima afunge, tena anaonekana kuifurahia kuliko miaka yote. Nikimkataza nitakuwa namzuilia ibada?

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Furaha hiyo ndiyo iliyonishtua. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka Ghana kuhusu wasichana wa sekondari waliojinyima chakula hadi kudhoofika, na wao hawakuzungumzia unene hata kidogo. Walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi. Ugonjwa huu hujua kuvaa mavazi ya kheri. Kwa mtu aliye katikati ya matibabu, saa kumi na tatu au zaidi bila kula huvunja mpangilio wa milo ambao tiba yote imejengwa juu yake, na humpa sababu inayoheshimika ya kurudi alikotoka.

Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qurani, katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Usimkataze wewe kama mume, kwa maana itageuka kuwa vita ya nani mwenye amri juu ya mwili wake. Mwombe mtaalamu wake alizungumze nanyi wote wawili kabla mwezi haujaandama, kisha nendeni kwa shehe mnayemwamini mkiwa na maelezo ya daktari, ili mkeo ajue namna ya kulipa au kutoa fidia na moyo wake utulie. Ibada nyingine zote za mwezi huo ziko wazi kwake: kisomo, sadaka, tarawehe akiwa na nguvu. Na futari mwaka huu asiipike yeye. Aipike mwingine, naye akae mkekani pamoja nanyi na ale, ingawa mchana alikwisha kula.